Soda za Kwenye Friji la Chanjo

Watu wakiniona nakataa soda baridi kwenye harusi hudhani nina vidonda vya tumbo. Wengine husema najidai. Nawaacha waseme, maana nikianza kueleza nitawaharibia sherehe, na mimi nikishaanza sijui kuishia njiani. Lakini juzi pale stendi ya Msamvu mama mmoja alimtazama binti yangu, akaitazama na fimbo yake nyeupe, kisha akanigeukia mimi kana kwamba binti mwenyewe hana masikio. Akaniuliza, "Hivi mwenzangu, huyu hukumpeleka chanjo?"

Hukumpeleka! Damu ilinichemka mpaka kwenye kucha. Binti yangu ananijua, akanibana mkono akasema, "Mama, basi letu hilo linakuja." Hapakuwa na basi lolote. Nikanyamaza kwa ajili yake, nikaja kupanda basi nimevimba, nikashuka nimevimba, na mpaka naandika haya bado nimevimba.

Nilimpeleka. Sikia vizuri: nilimpeleka. Alichanjwa surua akiwa na umri uleule wanaoutaka wao wenyewe, nikamshika mkono kwa mikono yangu hii, akalia, nikambembeleza, tukarudi nyumbani. Kosa la chanjo ile halikuwa la mama aliyekaa nyumbani, na nimechoka kuulizwa mimi.

Kwetu ni juu, milima ya Uluguru, kijiji cha misheni, kabichi na njegere kila upande na kanisa katikati. Mimi nilishuka mjini nikiwa msichana, nikapata kazi kwenye kiwanda kimoja kule Kihonda, nikajiona nimefika. Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Ghafla madukani kila kitu kipo: sabuni za kunukia, mitumba, betri, soda za kila rangi, wakati miaka michache nyuma soda ulikuwa unaiona mezani kwa maharusi tu, wanakunywa wao, nyinyi mnatazama. Vitu vikaja, kazi ikaondoka. Walitukusanya uani wakatuambia tumepunguzwa, eti tumepunguzwa, kama matawi ya mti. Baba wa mtoto akasema anakwenda Ngerengere kutafuta kibarua. Mpaka leo anatafuta. Nikafunga virago, nikamfunga mtoto mgongoni, bado mchanga, hata kukaa hajui, nikapanda mlima kurudi kwa mama.

Sikurudi kama ombaomba. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba nalo hutoka kwa mama. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu, alinikatia matuta yangu ya kulima, akampakata mtoto akasema, "Huyu ni wetu. Tutamlea." Nilimwamini.

Umeme hapakuwepo. Palikuwa na zahanati, vyumba viwili na baraza, na ndani ya zahanati palikuwa na friji la mafuta ya taa. Usicheke, lilikuwepo. Chini kuna kimoto cha utambi kinawaka rangi ya buluu, na kwa nguvu ya moto huo juu inatoka baridi. Mimi mpaka leo sielewi. Wanaume walilipandisha mlimani kwa miti mabegani, wakiimba, na lilipowashwa watoto walipanga foleni kushika mlango wake. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuhifadhi dawa za chanjo.

Aliyeitunza zahanati hiyo tulimwita Daktari. Hakuwa daktari, alikuwa mganga wa zahanati, mtu wa palepale mlimani, mnene kidogo, mcheshi kupindukia. Siku ya chanjo baraza lote lilijaa kicheko chake. Alikuwa na kizibo cha soda alichokisugua mpaka kikang'aa, amekitoboa na kukifunga uzi. Mtoto akishapimwa uzito kwenye ile kaptula ya kuning'inia, mama anamkalisha mapajani, Daktari anakipitisha kizibo mbele ya macho yake, huku, kule, huku, kule, mtoto anakifuata kwa macho na mdomo wazi, na hapohapo sindano inaingia. Wengine walikuwa hawalii mpaka sindano imeshatoka. Kina mama tulimpenda kwa kizibo kile.

Tena alikuwa mtani wangu. Hapa naomba unielewe vizuri, maana habari yote iko hapa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi na enzi. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akamkamata jogoo wako unamwona, akaenda kumla, na wewe ucheke. Mtani anakuita mtumwa wake mbele ya watu. Mkifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, mpaka mjane anacheka huku analia. Hakuna tusi linalomuumiza mtani, na hairuhusiwi limuumize. Kumnunia mtani ni aibu kubwa kuliko kuiba.

Sasa ruksa ilipofika na huko juu, mke wa Daktari akafungua genge pembeni ya kanisa. Wanawake walioteremsha kabichi mjini asubuhi walipandisha kreti za soda kichwani jioni. Na soda zinapoozwa wapi? Kwenye friji la zahanati, wapi tena! Hakuna aliyeficha. Ukitaka soda Jumapili baada ya misa unamwambia mke wa Daktari, anamtuma mtu zahanati, chupa inakuja inatoka jasho. Kijiji kilijivuna. Vijiji vya jirani walikuwa wanakunywa soda za moto kama mkojo wa punda, sisi tunakunywa soda baridi, juu mlimani, bila umeme. Mgeni ukimpa soda ya moto unaona haya. Ukimpa ya baridi, anaishika kwanza shavuni, anashangaa, na wewe unajifanya hujaona.

Mwaka ule ikaja sikukuu ya kipaimara. Mgeni mkubwa wa kanisa alikuwa anapanda kutoka mjini na msafara wake, na kamati ikaamua kwamba meza kuu yote itakunywa baridi. Asubuhi mama alinituma zahanati kuchukua soda za meza kuu. Nikamkuta Daktari ameshazitoa, anapanga nyingine kwenye friji, zimejaa mpaka mlango unasukumwa kwa goti. Mezani, karibu na dirisha, jua linaingia, vilikuwepo vichupa vya chanjo, vimefunikwa kitambaa chenye maji.

"Hivi navyo mbona viko nje?" nikamuuliza.

"Vimetoka kupunga upepo, mtumwa wangu," akasema. "Hata wewe ungekaa mle ndani mwaka mzima ungeomba utoke."

Nikacheka. Nani asingecheka? Nikabeba soda zangu nikaenda, na mchana na mimi nilikunywa ya kwangu kama wenzangu wote. Vichupa vile vilishinda pale mezani sikukuu nzima, maana kila soda zilipotoka ziliingia nyingine, na jioni vikarudishwa ndani kwenye baridi. Wiki hiyohiyo ilikuwa zamu ya chanjo. Nikakaa barazani na wenzangu, mwanangu akapimwa uzito, kizibo kikapita huku na kule, akakifuata mpaka akakigeuzia na shingo, sindano ikaingia. Daktari akasema, "Huyu surua ataisikia kwa jirani."

Surua ilikuja msimu wa mvua kubwa. Ilianza mitaa ya chini, ikapanda. Mwanangu alikuwa ameshaanza kutembea kwa kujishikilia kwenye kuta. Alianza na mafua, macho mekundu, machozi, homa. Mama akasema ni surua. Nikamkatalia. "Mama, huyu kachanjwa," nikasema, na nilisema kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa. Nilibaki nabisha mpaka vipele vilipomtoka usoni na kushuka kifuani.

Alipoanza kukataa mwanga, anajificha uso kwenye ziwa langu akilia kila mlango ukifunguliwa, nikambeba nikateremka naye kwa miguu mpaka hospitali ya mjini. Mvua ilikuwa inanyesha, njia inateleza, nilianguka mara ngapi sijui. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, wamtibu macho. Kifua kitapona, homa itashuka, macho tu, Bikira Maria, macho tu.

Muuguzi wa wodi alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, mikono mepesi. Alimfungua mtoto, akamtazama, akanitazama mimi.

"Kwa nini hukumchanja?"

"Kachanjwa."

"Mama, usinidanganye. Angekuwa amechanjwa asingekuwa hivi."

"Dada, kachanjwa! Mimi mwenyewe nilimshika mkono!"

Akaendelea kumsafisha macho kana kwamba sijasema kitu, na hasira ikanipanda. Baadaye akauliza, kama anayeuliza habari za mvua tu, "Friji lenu huko juu linafanya kazi?"

Na mimi nikamjibu kwa majivuno. Mungu wangu, kwa majivuno! "Linafanya kazi vizuri mno," nikasema. "Halijawahi kuzima hata siku moja. Soda zikitoka mle zina baridi mpaka meno yanauma."

Mkono wake ukasimama. "Soda?"

"Soda."

"Zinakaa pamoja na chanjo?"

"Zinakaa pamoja. Labda siku ya kipaimara tu, zilijaa sana, ikabidi chanjo zikae nje kidogo."

"Nje wapi?"

"Mezani. Pale dirishani."

Akavuta kiti, akakaa. Akanieleza taratibu kwamba dawa ya surua ni kitu chenye uhai, kwamba baridi ndiyo inayoitunza, na ikipata joto inakufa, na ikishakufa hata ukiirudisha kwenye baridi haifufuki. Alisema hata kufungua mlango kila mara kutoa soda kunatosha kuiharibu. Kisha akasema, "Mlimdunga mtoto maji, mama."

Mlimdunga! Mimi na nani? Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwambia mimi nililima kabichi, sikuchoma mtu sindano. Lakini neno "mezani" nilikuwa nimeshalisema kwa mdomo wangu, na nilikiona kile kitambaa chenye maji, na lile jua, na nilisikia kicheko changu mwenyewe.

Homa ilishuka. Kifua kilipona. Macho yalibaki meupe, yote mawili, kama maji uliyooshea mchele. Waliweka dawa, wakampa na matone, mganga mkuu wa macho akaja akamulika tochi, akasema tulichelewa, na kwa lishe ya watoto wetu surua ikishika macho ndivyo inavyokuwa. Tulichelewa. Sijui nani alichelewa. Nilimpandisha mlima mwanangu mgongoni, akiwa amelala, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Waliopishana na mimi walidhani nasali.

Nilimwacha kwa mama. Kwetu mtoto aliyetoka kwenye surua anawekwa ndani, gizani, watu hawaingii kumtazama mpaka wiki zipite. Mama akamlaza, akamfunua uso, akaketi chini palepale. Halafu ndipo akaniambia habari za nyuma yangu: mtoto wa binti wa mama mdogo, aliyechanjwa zamu ileile na wangu, wamemzika. Na Daktari alikuja msibani, kama mtani, akachekesha wafiwa. Aliigiza mtoto yule alivyokuwa anatambaa.

Sikuvua hata viatu. Nilikwenda zahanati nakimbia. Kina mama walikuwa barazani, yeye yuko mlangoni na koti lake jeupe. Nikampasha. Kila tusi ninalolijua lilinitoka siku ile, na mengine nilijifunza kiwandani kwa wanaume. Nikamwita mwizi, nikamwita fisi, nikamwita muuaji wa watoto. "Umempofua mwanangu kwa soda!" nikapiga kelele. "Tumbo hilo limejaa macho ya mwanangu!"

Na kina mama wakacheka.

Wakacheka jamani, mpaka mmoja akashika nguzo. "Leo mtani kawaka!" "Mjini kafundishwa maneno mapya huyu!" Nikawageukia, nikawaambia sitanii, wakacheka zaidi, maana hakuna mtani anayetania akasema anatania. Nikalia, wakapiga makofi kwamba naigiza vizuri. Daktari akafungua mikono akasema, "Mtumwa wangu umerudi! Walikunyima chumvi huko mjini?" Lakini mimi nilimtazama machoni, na nakuapia alikuwa ameelewa. Kicheko chake kilikuja nyuma kidogo ya cha wengine. Alijua, akaingia ndani ya utani akafunga mlango, na mimi nikabaki nje nagonga.

Nikaenda kwa mjomba. Shikamoo, marahaba, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza yote, kipaimara, meza, dirisha, muuguzi. Alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Halafu akasema, "Mtani hanuniwi kwa maneno ya muuguzi wa mjini."

"Mjomba, si maneno. Ni macho ya mtoto."

"Mtoto yu hai. Wenzio wamezika. Surua ilikuwepo tangu babu zetu." Akawasha kiko chake. "Na wewe hujui kitu. Mafuta ya taa ya friji lile serikali iliacha kuleta zamani. Soda za mtani wako ndizo zinazonunua mafuta. Bila soda lingeshazima."

"Sasa mjomba," nikasema, "linawaka kwa ajili ya nani?"

Akanikata jicho. Mwanamke hamjibu mjomba hivyo. "Mtani anatukanwa," akasema, "mtani anachukuliwa mali yake, na wote mnacheka, ndivyo tulivyowakuta wazee. Lakini hanuniwi. Utavunja koo mbili."

"Nenda ukamwone mtoto, mjomba."

"Akitoka ndani nitamwona."

Aliyesema "huyu ni wetu" ndiye huyohuyo. Niliondoka bila kuaga. Lakini katika yote aliyoyasema nilibeba neno moja, kwamba mtani anachukuliwa mali yake.

Kabla sijafika mwisho niseme na hili, maana nikifika mwisho sitakuwa na hamu ya kusema kingine. Baadaye friji lile lilizima kweli. Soda zilikoma, mafuta ya taa yakakoma nazo, na hakuna mkubwa yeyote aliyeleta mengine. Kina mama wakaanza kuteremka na watoto wachanga mpaka mjini kwa miguu kufuata chanjo, mvua ikinyesha hivyohivyo. Wapo waliosema mimi ndiye niliyelizima. Wapo wanaosema hivyo mpaka leo, nikipanda kwenda kusalimia wananipa mkono wa nusu. Mjomba alisema kweli kuhusu mafuta, nalijua hilo, na linanikasirisha kuliko yote. Watu wazima wa nchi nzima walipanga mambo yao, wakatuachia tuchague kati ya friji lenye soda na friji lililozima.

Jumapili ilipofika nilimfunga mwanangu mgongoni, nikamfunika kichwa na kanga. Mama aliniambia, "Bado hajatimiza siku zake za ndani." Nikamwambia, "Siku zake za ndani hazitaisha, mama." Hakunizuia.

Sikuingia kanisani. Niliingia zahanati, mlango ulikuwa umerudishwa tu kwa sababu wakati wa soda ulikuwa umekaribia, nikafungua friji nikazitoa. Kreti la kwanza nikalipeleka uwanja wa kanisa, nikarudi, nikalipeleka la pili. Watu walikuwa wanaanza kutoka misani na nguo zao za Jumapili. Nikashika chupa, nikaing'oa kizibo kwa meno, nikaimwaga chini. Nikashika nyingine.

"Mtani kashika mali!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukalipuka. Walifurahi, usifanye mchezo. Wakanizunguka. Watoto wakainama kukinga viganja. Mke wa Daktari alitoka mbio kutoka gengeni, akafika, akasimama, kwa sababu na yeye alijua: mali ya mtani ikishachukuliwa unacheka. Akacheka meno ya juu tu. Mimi nilikuwa namwaga. Nyekundu, nyeusi, ya chungwa, povu linakwenda kwenye viatu vya watu.

Daktari akaja, na koti la suti, anapanua mikono, kicheko kimemtangulia. "Leo kanipata!" akasema. "Leo mtumwa kanifilisi!" Watu hoi. Mjomba alikuwa kwenye ngazi za kanisa na wazee wenzake, naye akitabasamu, nadhani alifurahi kuona nimesikia maneno yake.

Ndipo mwanamke mmoja akasema, "Si unaona, na mtoto mwenyewe kapona, huyo mgongoni. Mchezee mtoto, Daktari!"

"Mtoto mzima kabisa," akasema yeye. "Tangu lini mtani akasema kweli?" Akatia mkono mfukoni akatoa kizibo chake cha uzi. Nilikuwa sikupanga hilo. Nakuapia, mimi nilikuja kumwaga soda tu. Lakini alipokitoa nikageuka nikampa mgongo, nikaifunua kanga.

Sikuona uso wake, niliona nyuso za watu. Wale waliokuwa mbele walikuwa bado wanacheka. Kizibo kikapita, kwa kivuli chake chini nilikiona kinapita, huku, kule. Mwanangu alikuwa amegeuzia uso upande mwingine kabisa, kwenye chupa niliyoiacha imelala inajimwaga, anasikiliza. "We mwali, huku," Daktari akasema. Kikapita tena. Mwanamke aliyesema mtoto kapona akafunga mdomo kwa mkono. Daktari akasogea, akakishusha, akakipitisha karibu mpaka nadhani kilimgusa pua, kwa sababu nilimsikia mwanangu anapiga chafya. Mkono wa mtoto ukapapasa hewani nyuma ya shingo yangu, ukatafuta, ukapata kidole cha Daktari, ukakishika.

Kicheko kilikwisha uwanja mzima.

Nikageuka nikamtazama. Kizibo kilikuwa kinaning'inia.

"Mtani," nikamwambia, "mbona hucheki?"

Mtu mnene yule akaegemea bega la mtu aliyekuwa karibu. Na juu ya ngazi za kanisa nikasikia sauti ya mjomba wangu, mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu, inasema, "Leteni kiti. Mpeni kiti."

Kiti kikaletwa mbio kutoka gengeni. Wakampa yeye. Mimi nilibaki nimesimama kwenye tope la soda, mwanangu mgongoni, anageuza uso huku na kule, anatafuta wale watu wote wamekwenda wapi.